Vioo Vyeusi vya Upande wa Kushoto

Kahama, kiangazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini kifua chako kimepata nafuu baada ya baridi ya huko Upareni kupungua. Kinachonisumbua huku ni jua na vumbi, na sasa vimeongezeka vioo vya gari.

Ile Pijo kuukuu niliyoifufua bado inatembea. Asubuhi napakia abiria hapa Kahama kwenda Ushirombo, jioni narudi. Kiti cha mbele, kushoto kwangu, hukaa bwana mmoja mnunuzi wa dhahabu, asiyependa jua wala kuonekana. Ndiye aliyeniletea karatasi nyeusi ya kubandika kwenye vioo. Unajua jinsi vitu vilivyoadimika siku hizi: ilitosha upande mmoja tu. Nikabandika upande wake. Wenzangu stendi wakasema gari langu lina chongo.

Sasa Mama, kabla ya kufika Masumbwe kuna nyumba ya Mzee Masanja, baba yake Vero, yule binti niliyekueleza habari zake. Unapokwenda, nyumba iko kushoto. Asubuhi Mzee hukaa nje akisuka kamba za ng'ombe, na watu wa huku hawampiti mtu bila kumsalimu, hata wawe na haraka ya namna gani. Mimi mkono nilikuwa nainua kama siku zote, kumbe nakiinulia kioo. Jioni nikirudi, nyumba inakuwa upande wangu, kioo kiko wazi, nasalimu meno yote nje.

Nilipokwenda kuuliza siku ya kumleta mshenga, sikupewa kiti. Mzee akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, asubuhi unanipita kama kisiki, jioni unanichekea. Huko Ushirombo kuna mtu anakufundisha adabu kila siku, halafu ukilala unaisahau?"

Nikamweleza habari ya karatasi, nikasema basi nitakuwa napiga honi. Vero akaficha uso kwenye kanga.

"Honi ni ya ng'ombe," Mzee akasema, akaendelea na kamba zake.

Wiki hiyo hiyo yule bwana akaleta karatasi nyingine, ndefu, ya kumalizia upande wa kulia na nyuma. Akasema nikibandika, atanikodi yeye peke yake mwaka mzima, nisihangaike tena na abiria. Usidhani sikutamani, Mama. Matairi yamekwisha kabisa. Niliiweka karatasi chini ya kitanda nikawa nalala juu yake. Nikawaza kwamba nikibandika zote, sitasalimu asubuhi wala jioni, angalau Mzee hataniita mtu wa nusu siku. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona uchungu, maana huku sina ndugu. Wanaonijua ni hao wa barabarani wanaoniinulia mkono. Na Vero nampenda, nakwambia wazi.

Nikamrudishia karatasi yake. Ile ya kushoto nikaibandua kwa maji ya moto na wembe, gundi imebaki mabaka mabaka. Bwana amehamia gari la mtu mwingine.

Kesho yake nilipofika kwa Mzee nilisimama, kioo cha kushoto nimeshusha chote, nikainamia upande wa abiria, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, Baba!" Mzee aliweka kamba chini. Alikuja hadi ukingoni mwa barabara, akachungulia ndani, akawasalimu abiria mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Ndipo akasema, "Waambie watu wako waje."

Kwa hiyo namwomba Baba Mdogo, aliyesimama mahali pa marehemu Baba, aje kabla mvua hazijaanza, maana barabara hii ikilowa haipitiki. Nitampokea stesheni ya Isaka. Nisalimie dada Nakijwa na shemeji mwalimu, na yule mama mkwe wa dada, anayenidai picha yangu.

Baba Mdogo mwambie atakaa kiti cha kushoto. Avae shati la mikono mirefu, jua la huku halina huruma, na ajizoeze kusema "mwangaluka" tangu sasa. Kioo chake kitakuwa wazi njia nzima, na ndiye watu wa barabarani watakayemwona kwanza.

Mwanao anayekukumbuka,
Eliamani