Yaya, Hakuna Aliyekuroga

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Neema,

Tangu tulipokuzika sina mtu wa kuzungumza naye Kiswahili cha kwetu Bukavu bila kuchagua maneno. Mama yupo, lakini siku hizi husema machache.

Unakumbuka ugonjwa ulivyoanza? Vidole vilivimba hata mkasi wa kushonea ukakushinda, kisha wekundu ukatanda mashavuni hadi puani. Hapa Bwaise, mtaa wetu wa ugenini, habari hazilali. Mama alisema umerogwa, akamtaja Mama Akello, jirani yetu mjane wa polisi, kwa kuwa mliwahi kugombania kamba ya kuanikia nguo. Watu wakaacha kununua samaki wake. Kuna aliyeupiga mlango wake mawe.

Ndipo daktari akakuambia ni lupasi. Alieleza polepole, nami nikikutafsiria: chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na vijidudu, zimeacha kuutambua mwili wako. Baadhi zinatengeneza kingamwili za kuushambulia wenyewe, na uharibifu unafika kwenye viungo, ngozi, hata figo. Uliuliza swali moja tu: "Kuna mutu anaweza kunitumia hii kitu?" Daktari akatikisa kichwa kukataa.

Hukutaka kufika nyumbani kwanza. Uliniegemea hadi mlangoni kwa Mama Akello, watu wakitazama, ukasema kwa sauti: "Mama, hakuna mutu aliniroga. Ni damu yangu yenyewe inanipiga. Utusamehe."

Alikuwa ameshafunga mizigo. Aliisukuma kando, akasema, "Mimi nilikuwa nahama kesho. Ingia, kunywa chai."

Dawa zilikupa nafuu, ukarudi kwenye cherehani, tukaanza kusahau. Halafu figo zikachoka. Mama Akello ndiye aliyekuosha kwa mazishi, Mama akimshikia beseni.

Yaya, bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Kurogwa kungekuwa rahisi. Kungenipa mlango wa kwenda kugonga. Nitagonga wapi, na adui alikuwa ndani ya damu yako, akidhani anakulinda?

Jumapili, mgeni mmoja kanisani alimshika Mama mkono, akamnong'oneza, "Ni nani alikuulia mutoto?"

Mama aliutoa mkono wake. Kisha akamjibu: "Hakuna. Aliugua."

Pumzika, Yaya. Nyumbani tunakutaja bila kumlaani mtu.

Mdogo wako uliyemwachia cherehani