Fredrick Masunga na Chupa Iliyokuwa Mezani Pake

Mwaka umekatika sasa, Fredrick mwanangu, tangu tulipokuzika hapa nyumbani Ipililo. Watu wanasema maumivu hupoa. Ya kwangu hayajapoa, na leo nakwambia kwa nini, na wengine wasikie.

Ulikuwa mtafiti wa wadudu wa pamba, ofisi yako Bariadi, watu wakikuita Daktari. Kwangu ulikuwa yule yule wa kulala kifudifudi shambani na kamera usoni, unamsubiri funza atoke kwenye kitumba cha pamba. Baba yako alikutania kwamba wenzako wanapiga picha maharusi, wewe funza. Ulicheka, ukaichongea picha hiyo hiyo fremu ya mninga, ukaitundika sebuleni. Mpaka leo mgeni akiingia anashtuka.

Jumamosi ulikuwa fundi. Meza yako ya randa uliiweka kwenye kibanda cha bati pembeni ya jiko. Vigoda vya shangazi zako wote vimetoka pale, na mlango wa kanisa letu pia. Mimi kazi yangu ilikuwa kukuwekea maji ya kunywa.

Msimu ule ulipita nyumba kwa nyumba kuona dawa ya pamba inatunzwa wapi. Ukaikuta kwenye chupa za soda, za maji, hata kwenye kopo la majani ya chai. Ulipiga picha, ukawaonyesha wenyewe mkutanoni, ukawasihi dawa ibaki kwenye chupa yake. Nyumba moja hukuikagua, ya kwetu. Dawa ilikuwa chini ya kitanda changu, na mtoto wa kiume mtu mzima haingii chumbani kwa mama yake. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Mayu, yako iko salama?" Nikajibu iko salama. Niliona unanifundisha kazi niliyoianza wewe hujazaliwa.

Jumamosi ya pili ya Februari jirani yetu Josia aliishiwa dawa, akaomba nimpimie kidogo, kama tunavyopimiana hapa kila msimu. Nikaimimina kwenye chupa ya maji, nikaiweka mezani pako, kivulini, Josia akipita aichukue. Kisha nikaenda kisimani. Ulikuwa unapaka vanishi, pua imejaa harufu yake, jua linachoma. Ulishika chupa ukagugumia. Hukuitazama mara mbili. Ya nini, wakati kila siku anayeweka maji pale ni mama?

Hospitali daktari aliuliza nani aliihamisha dawa. Nilikuwa nimekushika mkono. Nikafungua mdomo, ukanibana vidole.

"Niliihamisha mimi," ukasema.

Hukusema tena neno la kueleweka.

Uliniokoa mimi, na maneno yako yakakugeukia. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kunong'ona kwamba msomi wa dawa hawezi kunywa dawa kwa bahati mbaya. Mama mmoja alimwambia mkeo Precious usoni, "Daktari mzima? Huyo kaamua. Wewe unajua ulichomfanyia." Precious akanitazama. Mimi nikainama, nikaendelea kuchambua mchele. Mwaka mzima nimechambua mchele.

Sasa nasema. Hukujiua. Mkeo hakukukosea. Dawa niliimimina mimi, Kwandu, mama yako, baada ya wewe kutuambia sote tusifanye hivyo.

Akina mama mnaosoma hapa, msinihurumie. Nendeni chumbani, pigeni magoti, tazameni chini ya kitanda. Najua mtaikuta. Msiseme mmeizoea, na mimi niliizoea. Na mliomsema Precious, mwendeeni. Mimi nimeshatangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, akaniuliza jambo moja tu: "Mama, ulikuwa unasubiri nini?"

 

Unakumbukwa na baba yako Paschal, na dada yako Winnie, na mkeo Precious, aliyekubali jina lake likae karibu na langu. Unakumbukwa na binti yako Milembe, mwenye miaka sita, aliyeambiwa na watoto wenzake kwamba baba alimchoka. Juzi nilimkalisha nikamweleza nilichofanya. Tangu siku hiyo haji kukaa mapajani mwangu, ila jina lako ameanza kulitaja tena.

Siku zote tutakukumbuka.