Ndoo Kabla ya Mzaha

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo mara mbili: moja yako, ya pili ya magoti yako, maana Zuhura aliniambia yameanza tena kukusumbua ukiinuka kwenye mkeka wa sala. Je, ile dawa ya kuchua ilifika? Na mihogo ya shamba la bondeni imesalimika na nguruwe mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, sina homa wala jeraha. Roho ndiyo haijatulia, na wewe sijawahi kuweza kukuficha.

Zuhura mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole. Nitakapokwambia funga mlango, ufunge kwelikweli, si kuurudishia tu.

Mtashangaa kupata barua ya karatasi kana kwamba tuko zama za babu. Simu naiogopa, mama. Mwanasheria niliyepewa na chama cha wachezaji kanikataza kuandika chochote kwenye simu, hata salamu, kwa kuwa kila neno langu sasa hivi linapigwa picha na kusambazwa. Barua hii anakuja nayo dada mmoja Mpare, muuguzi wa huku Ulaya, anayekwenda likizo kwao Same. Basi lake litapita Lugoba, na ameniahidi atamwomba dereva asimame kidogo amkabidhi Zuhura pale kwenye kibanda chake cha machungwa. Mpeni machungwa mazuri, msimpe yale ya chini ya tenga.

Najua mmeshasikia. Lugoba habari haihitaji nauli. Lakini mmesikia ya watu, sasa sikieni yangu.

Jumanne unamfahamu, yule mtoto wa marehemu Mzee Mihayo, fundi wa malori wa Chalinze. Tulicheza naye tangu viwanja vya vumbi, na msimu huu alisajiliwa timu hii ninayochezea mimi. Yeye Mnyamwezi, sisi Wakwere, kwa hiyo utani wetu hatukuuanzisha sisi, tuliukuta. Mimi nikimwita mtumwa wangu aliyebeba mizigo kutoka Tabora, yeye ananiita mlinda nazi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzetu walikuwa wanatukodolea macho, sisi tunacheka hadi tunakaa chini.

Siku Mzee Mihayo alipofariki, Allah amrehemu, Jumanne hakuweza kuja kuzika. Mazishi yalikuwa kesho yake mchana, na hata angepata ndege saa ileile asingewahi. Akabaki kwenye chumba chake, mitaa mitatu kutoka kwangu.

Na mimi nikafanya nini? Nikavaa koti kubwa na kofia, nikashika fagio kama mkongojo, nikachechemea sebuleni jinsi Mzee Mihayo alivyokuwa akichechemea baada ya lile jeki kumwangukia mguu. Nikajirekodi. Nikasema, "Huyu mtumwa wetu kafa bila ruhusa. Hazikwi mtu Chalinze mpaka mtani nilipwe jogoo wawili!" Kisha nikalala chali mlangoni, kuziba njia ya jeneza. Nikaibandika kwenye ukurasa wangu, mbele ya maelfu ya watu, nikaenda zangu kuoga.

Nilitoka bafuni nikiwa bado nacheka. Watu wa huko nyumbani walikuwa wanacheka pia kwenye maoni. Jumanne mwenyewe alinitumia ujumbe: "Mtani una laana wewe. Jogoo hupati." Nikasema kazi imekwisha.

Kufika kesho yake mtu mmoja wa huku ameyatafsiri maneno yangu kwa simu, moja baada ya jingine, akayaweka chini ya video. Mama, hebu yasikilize bila utani ndani yake. Mchezaji anamdhihaki baba wa mwenzake aliyekufa jana. Anaigiza ulemavu wake. Anamwita mtumwa. Anadai malipo ili maiti izikwe. Niliposoma ile tafsiri sikupata neno lililokosewa.

Niliifuta video, lakini ni sawa na kuzoa maji yaliyomwagika mchangani. Jioni ile uwanja mzima ulinizomea nikiwa nimekaa benchi, hata sijagusa mpira. Watu walikuja na mabango. Tangu hapo nafanya mazoezi peke yangu, nazunguka uwanja mdogo wa nyuma na mzee mmoja anayetunza majani, ambaye hatusikilizani lugha. Kuna karatasi ilipitishwa chini ya mlango wangu, sikuielewa yote, nilielewa neno "ondoka". Bibi wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akinipa jamu ya matunda kila Ijumaa, siku hizi akisikia hatua zangu anasubiri nipite ndipo afungue mlango wake. Ya mabango nayavumilia. Ya yule bibi yananiuma.

Nilimwuliza mwanasheria, "Si mnasema nchi hii kila mtu ana uhuru wa kusema?" Akanijibu kwa upole kama daktari mwenye majibu mabaya. Alisema uhuru ninao, polisi hawatanikamata. Lakini mkataba wangu una kifungu cha kutoitia timu aibu, na timu nayo ina uhuru wa kunifukuza. Nikamkumbusha kipa wetu, mzaliwa wa hapahapa, aliyeandika msimu uliopita kwamba wageni ni uchafu unaoletwa na mvua. Yeye aliomba radhi kwa mistari miwili, Jumamosi akadaka. Mwanasheria akatazama karatasi zake. "Yule anapendwa," akasema. Nilicheka, mama, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Alhamisi ijayo nitakaa mbele ya watu watatu wa kamati ya nidhamu. Wakivunja mkataba, kibali changu cha kuishi huku nacho kinakufa, maana kimefungwa humo. Nitarudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini na sita na jina ambalo kila timu ikilitafuta itaiona ile video kwanza. Mimi kazi nyingine sijui, shule niliiacha kwa ajili ya mpira na wewe ulilia siku ile. Nikisikia mlango wa chini unagongwa, moyo unaruka. Chakula nakitafuna tu, hakina ladha. Sijawahi kuogopa hivi tangu siku ile baba alipochelewa kurudi kutoka shamba tukamkuta ameumwa na nyoka.

Mwanasheria anasema swali lao litakuwa moja: "Ulikusudia nini?" Na jibu ameshaniandikia. Niseme ni mila. Amekwishatafuta na vitabu. Jumanne naye ameitwa, na mwanasheria anamtegemea aseme kwamba hakuudhika.

Sasa Zuhura, funga mlango.

Mama, juzi nilikutana na Jumanne kwenye korido ya kubadilishia viatu. Siku zote hizo alikuwa hanijibu, nikadhani ameambiwa na wakubwa anyamaze. Nikamwambia, "Mtani, si ulicheka wewe?"

Akasema, "Nilicheka. Baba angecheka kuliko mimi."

"Sasa mbona umenitupa?"

Akafunga kamba za kiatu kimoja, akafungua, akafunga tena. Halafu akasema, "Mlango wangu ulikuwa wazi siku tatu, Athumani. Sikuufunga hata kwa baridi ile. Nilijua mtani wangu yupo mitaa mitatu tu, atakuja. Hukuja."

Akaondoka.

Nikakukumbuka wewe. Nikakumbuka msiba wa Mzee Kasanda, yule Mnyamwezi mlinzi wa shule, nilipokuwa darasa la nne. Watu wote Lugoba wanasimulia ulivyovaa koti lake na mabuti yake, ukakohoa kama yeye, ukakaa kizingitini ukasema jeneza halipiti mpaka ulipwe ugoro. Mjane wake alicheka huku machozi yanamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu jana yake kumeza hata uji. Hilo ndilo nililolibeba mimi kuja nalo Ulaya. Lakini nilisahau kilichotangulia. Tangu alfajiri ulikuwa umechota maji ndoo kumi na moja, nilikuhesabia mimi mwenyewe. Ulipasua kuni, ukasugua masufuria ya watu, ukamkanda mjane miguu. Nilikuuliza mbona unafanya kazi kama mtumishi wa nyumba ile, ukaniambia, "Mtani huanza na ndoo. Asiyechota maji hana mdomo."

Mimi sikuchota hata kikombe. Nilianza na mdomo.

Na lipo lingine, ambalo sijamwambia mwanasheria wala sitamwambia. Kufikia wiki ile ya msiba Jumanne alikuwa amepewa nafasi yangu uwanjani. Mimi nilikuwa nimekaa benchi mechi tatu nikimtazama anapigiwa makofi. Nilipokuwa nachechemea na lile fagio, mama, nilikuwa natania, wallahi natania, lakini ndani ya utani kulikuwa na kipande kidogo cha wivu kilichofurahi. Kilifurahi kwamba safari hii watu watanitazama mimi. Kama si hivyo, kwa nini nisiende mlangoni kwake nikachechemea mbele yake yeye tu? Kwa nini niwaonyeshe maelfu?

Kwa hiyo wakiniuliza nilikusudia nini, nitasema nini? Nikisema "mila" nitakuwa nimesema nusu, na hiyo mila si yangu ya kujificha ndani yake, ni ya kwako wewe uliyeitolea jasho. Nikisema yote, nimejinyonga kwa mkono wangu. Naogopa kusema uongo na naogopa kusema kweli, na Alhamisi haisogei wala haichelewi.

Zuhura, fungua mlango sasa, mama apate hewa.

Ombi langu ni moja. Arobaini ya Mzee Mihayo itasomwa Chalinze wiki mbili zijazo. Nakuomba uende, kama magoti yanaruhusu. Najua ukifika watu watakutazama wakisubiri uanze vituko vyako. Safari hii usitanie, mama. Chota maji tu. Sugua masufuria. Wakikuuliza mdomo umeuweka wapi, waambie mwanao aliutumia wote, umebaki na mikono. Mama yake Jumanne mwambie nimekosa. Usiseme Wazungu hawakunielewa. Sema nimekosa.

Na dua yako usiombe nishinde. Omba nisitetemeke.

Nisalimie mjomba mwadhini, mwambie saa yangu ya simu bado naiwasha kwa sauti ya adhana yake, ingawa koo linakwaruza. Shangazi wa Msata apewe salamu na asiende kumfokea mtu yeyote kwa ajili yangu. Baba mdogo mwenye bodaboda akisikia watu wananitukana stendi, awaache, wengine wana haki. Wewe Zuhura, ukimaliza kusoma, barua hii usimpe mtu aipige picha. Nakuomba kama kaka.

Sasa hivi nimetoka kusali alasiri. Asubuhi nilipita dukani nikanunua ndoo, ya plastiki, ya buluu. Muuzaji aliniangalia, nadhani alinitambua. Ninakwenda kwa Jumanne.

Mwanao anayekutegemea,
Athumani

Mama, bahasha sijaifunga. Nimerudi kutoka kule.

Nilibisha hodi mara tatu. Alifungua, akaitazama ndoo, hakunitazama mimi. Hakusema karibu wala ondoka. Aliacha mlango wazi akarudi kukaa. Nikaingia, nikajaza maji bombani, nikaosha vyombo vilivyolundikana, nikapiga deki jiko, sebule na ngazi za nje, huku majirani wakichungulia. Kwenye meza kulikuwa na picha ya mzee amesimama kando ya lori, ameegemea mguu ule mzima.

Nilipomaliza nikasema, "Jumanne, Alhamisi utawaambia nini?"

Akasema, "Nitawaambia ulivyofanya. Vyote."

Sikumwuliza kama ndoo imo ndani ya hivyo vyote. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi aliponiita, "Mtani, umesahau ndoo yako."

Nikamwambia ibaki hapo, arobaini haijafika.