Tambi kwa Sukari, Nyumbani kwa Mama Lin

Jumapili, Mfunguo Mosi, 1954
Bagamoyo

Leo kipupwe kimeingia kweli. Mvua za masika zimekwisha, na nilipotoka kufagia ua asubuhi ilinibidi nijitande kanga mbili. Sasa ni alasiri. Mavyaa, mama wa mume wangu, amelala, ameshiba, anakoroma kidogo, nami nimekaa uani na kalamu yangu. Moyo wangu mweupe. Wiki nzima haukuwa hivi, shajara yangu, kwa hiyo nianze na hofu niliyokuwa nayo.

Hofu yenyewe ilikuwa ya chakula.

Jirani yetu Mama Lin ni Mchina. Mumewe, Bwana Cheni, hununua majongoo bahari kwa watu wa Mlingotini na Kaole, huwachemsha, huwaanika, kisha huwapeleka Unguja wapakiwe meli ya kwenda kwao. Harufu ya kazi hiyo tumeizoea, lakini watu wa mtaa wameshaamua kwamba na chungu cha mkewe kinanuka hivyohivyo. Hakuna anayemchukia. Anasalimiwa vizuri, anapelekewa futari Ramadhani, akiugua anatazamwa. Ila kula kwake, hapana.

Naye anajua. Kwetu mtu akikuletea sahani ya chakula, humrudishii tupu. Ramadhani yote hii sahani zetu zilirudi kutoka kwa Mama Lin zimeoshwa zinang'aa, na ndani yake mayai mabichi, au sukari. Hakuwahi kutia kitu alichokipika. Alichagua vitu ambavyo mtu hawezi kuviogopa. Kila nilipopokea mayai yale niliona haya kwa niaba ya mtaa mzima.

Mimi nakula kwake. Nilianza mwaka jana, Zuhura wangu alipougua surua. Mume wangu Seif alikuwa Pangani kwa biashara, mavyaa alikuwa Mkange msibani, na wenye watoto wadogo walinisalimia kwa mbali, wala siwalaumu. Mama Lin alimwacha mtoto wake na baba yake, akaja akakaa. Alimpepea Zuhura, akamnywesha uji wa mchele kwa kijiko kidogokidogo, na uliobaki akanishikisha mimi bakuli. Ulikuwa na tangawizi. Nilikunywa, nikalia, nikanywa tena.

Leo Zuhura anakimbiza kuku uani mpaka wanachoka. Namshukuru Mungu, na baada ya Mungu namshukuru yule mwanamke.

Sasa, kabla ya Idi, Bwana Cheni alimwambia Seif kwamba kipupwe kikiisha atamrudisha mkewe Unguja, waliko Wachina wenzao. Alisema mkewe amekuwa hasemi. Anapika chakula cha watu wengi kama alivyozoea kwao, kisha wanakaa watatu wanakitazama. Seif aliponieleza nilikaa chini na ufagio wangu mkononi. Nikaona yupo mtu mmoja tu anayeweza kuligeuza jambo hili, naye ni mavyaa wangu.

Mavyaa, Bi Mwanamvua, ndiye mshika mwiko mkuu wa mtaa. Haipikwi arusi wala hitima bila yeye kuonja. Akisema pilau imekubali, imekubali. Akikunja uso, hata bibi arusi anaiogopa. Akila kwa Mama Lin, mtaa mzima utakula. Akisukuma sahani, basi tena, Unguja.

Nikamshauri Mama Lin amwalike, na nilipomfikishia mavyaa mwaliko alinitazama hadi nikainama.

"Kwenda nitakwenda," alisema. "Kutembeleana ni wajibu. Lakini kula, hayo tutayaona hukohuko."

Kazi ya kuchagua nikaachiwa mimi. Mama Lin alinikalisha jikoni kwake akaniuliza: mtu ambaye hajapata kuonja chakula chetu, tumwanzishe na nini? Nikajiona mkubwa kwelikweli. Mayai ya kukaanga na nyanya, nikasema, maana hakuna asiyelijua yai. Kuku wa tangawizi. Changu wa kupikwa kwa mvuke, ingawa hapo nilisita, kwa sababu wao hawamsugui samaki kwa ndimu na mavyaa ana pua. Mchicha wao nikaukataa, hukaangwa haraka ukabaki nusu mbichi. Wali wao mweupe usio nazi wala chumvi, kwetu ni wa mgonjwa, kwa hiyo nikaomba nazi itiwe. Jongoo bahari sikutaka hata atajwe. Mwisho nikasema tambi. Tambi ndizo nilizozitegemea kuliko vyote, kwani nani hapa hali tambi?

Mama Lin alisikiliza kila neno. Kisha, bila kuambiwa, alimleta kuku wake akiwa hai mpaka uani kwetu, shemeji yangu Hamisi akamchinja. Nguruwe hajapata kuingia nyumba ile, Bwana Cheni akiwa na hamu zake huzimaliza Dar es Salaam, lakini Mama Lin hakutaka shaka yoyote. "Leta na sufuria zako," aliniambia, "nipike humo, bibi ale kwa amani." Hakusema kwa kinyongo. Mimi ndiye niliyekosa pa kutazama.

Leo baada ya adhuhuri tukaenda, mavyaa, mimi na Zuhura.

Mavyaa alivaa kanga zake za Idi, na pembeni mwa moja amefunga fundo. Nikadhani ni tambuu. Mama Lin alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo? Baba Lin hajambo?" Salamu zikaenda taratibu zote, mkeka ukatandikwa, tukanawa.

Mayai alikula. Kuku alikula, akavunja mfupa akauangalia ndani, akanyonya. Ikafika zamu ya changu. Mavyaa akainama akanusa, mkono ukaenda kwenye fundo la kanga, na ndani mkatoka ndimu! Amekuja nayo kutoka nyumbani. Akaikata kwa meno, akamkamulia samaki mzima, akala. Nilitaka kucheka nikajizuia. Mama Lin alimwonja samaki yule wa ndimu, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha zile tambi zangu.

Mavyaa alitia tonge kinywani akaacha kutafuna. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nimekula tambi za Mama Lin mara nyingi hata nimesahau kwamba wao huzipika kwa chumvi, kwa vitunguu saumu na yale maji yao meusi ya soya. Tambi anazozijua mavyaa ni zetu za Ramadhani, za sukari, iliki na zabibu. Katika vyakula vyote nilivyovipima, kile nilichokiona salama ndicho kilichomshangaza kuliko vyote. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu," mavyaa alimwambia Mama Lin, kwa upole kabisa, "umesahau sukari."

Mama Lin alinitazama mara moja tu. Akainuka, akaleta kopo la sukari, akalishika kwa mikono miwili. Mavyaa akanyunyiza, tena si upande wake tu, sinia zima. Mama Lin akaketi, akachukua tambi zile za chumvi, saumu na sukari, akala mbele yetu uso umetulia, akala tena. "Tamu," alisema. Mavyaa akaangua kicheko, na mimi nikapumua.

Lakini hakuwa amemaliza. Alifuta midomo, akatazama sinia hili na lile.

"Na yule jongoo yuko wapi?"

Nikasema, "Mama, tuliona..."

"Mliona nini? Cha bahari ni halali. Mimi nimewaokota majongoo Kaole tangu sijavunja ungo, mimi na dada zangu, maji yakitoka, mpaka vidole vinawasha. Tukimpelekea Mhindi. Tukimuuliza wanafanyiwa nini, hasemi. Mimi nikidhani ni dawa ya panya! Leo nimefika nyumba ya wenyewe, mnanipa mayai?"

Kulikuwa na jongoo jikoni, kweli. Mama Lin alikuwa amempika kwa ajili ya mumewe. Lakini hakwenda kumleta. Alisimama palepale akishikilia upindo wa gauni lake, na sauti ikawa ndogo.

"Yule yuko ndani ya sufuria yangu, bibi. Si ya Saida."

Saida ni mimi. Zuhura aliacha kuchezea kijiko. Nikajua kwamba yote tuliyoyafanya, kuku, sufuria, nazi, yalikuwa ni kuzunguka swali hili moja, na sasa limeulizwa wazi.

"Umeiosha?" mavyaa aliuliza.

"Nimeiosha."

"Basi pakua."

Akala. Alitafuna kwa muda mrefu, macho kwenye dari, jinsi anavyoonja pilau ya arusi. Nami nikachukua kipande, nikapiga bismillahi, kikateleza chenyewe. "Huyu hana ladha yake mwenyewe," mavyaa alisema mwishowe, "ila mchuzi huu umeungwa na mpishi." Akakitazama kipande kilichobaki mkononi. "Kumbe ndiye huyu," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Dada zake wote wamekwisha kufa. Mama Lin alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Tulipotoka, majirani wawili walikuwa barazani ng'ambo ya njia wanapepeta mchele. Mavyaa aliwaona. Akageuka mlangoni akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Mama Lin! Kesho nitakuletea sahani ya vitumbua. Usinirudishie mayai mabichi. Kuku ninao."

Nyungo zikasimama. Mama Lin aliushika mlango. Mimi nilitazama chini nikatembea haraka, kwa sababu ningelia njiani mchana kweupe.

Sijui kama Bwana Cheni ataghairi. Hilo ni lake na mkewe. Lakini nimewapata watu wawili wema katika mtaa mmoja, na mmoja wao amenizalia mume. Nitaacha kunung'unika mavyaa akikosoa mchuzi wangu. Walau wiki hii.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikasikia hodi. Ni Mama Lin, amesimama mlango wa uani, mikono ina unga. Ameniuliza kwa kunong'ona, asimwamshe mavyaa: ile sahani ya kesho akiirudisha na tambi, bibi anapenda zitiwe sukari kiasi gani?

Nimemwambia atie nyingi.