Vihisi Vinne Chini ya Tangi

Jumatatu, 8 Septemba

Wewe uliyelifungua daftari hili bila ruhusa yangu, nakusihi: unayoyasoma yasitoke kinywani mwako. Hasa yasimfikie Bi Zuwena, mwenye nyumba, anayelala chini ya chumba changu.

Nimebadilisha maji ya tangi, ndoo tatu, kama kila Jumatatu. Samaki kumi na mmoja, wote wazima. Bi hajui kama wapo. Siku aliyonipangisha alitoa sharti moja tu: "Juu kwako usiweke maji, mwanangu. Boriti zishachoka." Nikaitikia. Miezi miwili baadaye, alipokwenda Jambiani kwa binti yake, nikapandisha tangi la vioo, lita mia mbili. Kisha pipa la maji kando yake. Naona aibu. Lakini nikitoka kazini nikakaa mbele ya samaki, kifua kinatulia.

Jumanne, 9 Septemba

Vihisi vya kugundua maji nilivyoagiza vimefika kwa boti ya mchana kutoka Dar. Vinne. Kila kimoja kama kifungo cha koti, na pini mbili chini. Maji yakizigusa pini zote mbili, habari inakwenda kwenye kidhibiti, kile kisanduku kinachoendesha taa na pampu ya tangi. Kidhibiti kinazima pampu, kinapiga king'ora, kinanitumia ujumbe kwenye simu.

Nimekosea nyaya mara mbili. Mara ya tatu zimekubali. Viwili chini ya tangi, kimoja chini ya pampu, cha nne kando ya pipa. Nimejaribu kwa kitambaa kibichi. Pampu ikanyamaza. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 10 Septemba

King'ora kimelia alfajiri. Nilitoka kutawadha, miguu inachuruzika, nikapita karibu na pipa. Nikakifunika kwa mto. Bi akauliza kutoka ngazini, "Idrisa, kuna nini huko?"

"Simu, Bi."

"Simu yako ina kifua."

Uongo mwingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Kimelia tena. Maji ya udhu tena. Nimezima sauti, ujumbe wa simu nimeuacha. Sijui kama ni busara.

Ofisini nimekagua orodha ya shehena mara tatu. Mkubwa wangu anasema naogopa karatasi. Naogopa kila kitu.

Jumatatu, 15 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne na nusu asubuhi, ofisini Malindi, ujumbe: maji, kihisi cha nne. Nilitaka kuupuuza. Kisha nikafikiri: saa hizi hakuna anayetawadha chumbani kwangu. Nikakumbuka bomba. Asubuhi nilivuta mpira kutoka bafuni hadi kwenye pipa, nikafungua bomba, halikutoa hata tone. Mtaani kwetu maji huja yanapotaka, kwa hiyo kila mtu huacha bomba wazi kuyavizia. Nikaliacha. Nikaenda kazini. Kidhibiti kinaweza kuzima pampu. Bomba hakiliwezi.

Na saa hizo Bi hujilaza. Kitanda chake kiko chini ya pipa hasa. Kutoka Malindi hadi nyumbani ni dakika kumi na tano.

Nikimpigia, nimefukuzwa. Nilisimama na simu mkononi muda ambao sitaki kuuandika. Nikapiga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nshajilaza mie."

"Ondoka kitandani, Bi. Sasa hivi. Kisha panda kwangu ukafunge bomba la bafuni. Nna tangi la samaki."

"Samaki wa kula?"

"Wa kuangalia."

"Wa kuangalia," akarudia, na nikasikia kitanda kikilia.

Nilikimbia. Nilimkuta amekaa ngazini, bomba kalifunga, kanga imelowa hadi magotini. Chumbani kwake kipande cha chokaa kikubwa kama sinia kimeanguka juu ya mto. Tulikitazama wote wawili. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 16 Septemba

Hakunisemesha. Nimemwaga maji ya pipa. Nimefungasha nguo.

Jumatano, 17 Septemba

Fundi amegonga boriti moja moja. Zinashika bado, ila lazima uzito upungue. Alipoondoka Bi aliniita.

"Naam."

"Tangi lako lishuke ukumbini, kwenye sakafu ya mawe. Pipa sitaki kuliona. Na kile kidude kilichokwambia, nnataka kimoja juu ya kabati langu."

"Na mimi niende wapi, Bi?"

"Kazini. Unachelewa."

Nimelia chooni ofisini. Kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Tangi limeshuka baada ya sala. Wanaume wanne na mimi. Samaki mmoja hakustahimili. Vihisi vitatu viko hapo chini, kimoja juu ya kabati la Bi. Sauti ya king'ora nimeirudisha.

Alasiri Bi aliweka kiti mbele ya tangi akawatazama samaki mpaka magharibi. Nami nikakaa ngazini. Kisha nikabandika karatasi ukutani, kwa herufi kubwa, maana Bi hataki kuvaa miwani:

King'ora kikilia, kwanza zima swichi ya ukutani. Usikanyage maji. Kisha nipigie, saa yoyote. Nisipopokea, mtu aje Malindi, ofisi ya shehena, dirisha la mwisho, amwambie bawabu anamtaka Idrisa wa samaki. Nitakuja.