Jino la Dhahabu Laenda Kuposa

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Bukoba. Nangoja zamu ya kushusha kahawa, nimekalia gunia. Kesho kwa Mhindi wa meno.

Jino langu la mbele ni nusu. Nilikuwa na miaka saba, nakanyaga ndizi za pombe ndani ya mtumbwi wa kukamulia, nikateleza, mdomo ukapiga ukingo. Huo ndio ukweli. Kampala nimesema ni chui. Mwanza nimesema ni askari. Chui amenipa heshima zaidi.

Lakini Jumamosi naenda Kituntu kumposa Kokushubira. Baba yake, mzee Melkiory, amesikia kwamba dereva Protase, yaani mimi, ana domo refu na jino lililomeguka. Amesema huyo ni mpayukaji anayepigwa vilabuni. Basi jino litengenezwe!

Jumanne, 3 Agosti

Limekaa! Kofia ya dhahabu! Mhindi alilisugua kwa tupa, mimi sikulia – machozi yalitoka yenyewe. Akaibandika kwa gundi nyeupe inayonukia karafuu. Kaniambia nisitafune kitu kigumu mpaka wiki ijayo, gundi ishike. Nikamjibu, mimi mtu wa ndizi, ndizi ina ugumu gani?

Njia nzima nimecheka, hata penye kona. Abiria waliniomba nitazame barabara.

Alhamisi, 5 Agosti

Kayanga. Nimejitazama kwenye kioo dukani kwa Saleh mpaka akaniuliza nanunua kioo au sura. Mwanamume mzuri huyu!

Baba mdogo Placidius, mshenga wangu, hakucheka. Kasema Kituntu atasema yeye. Mimi nitajibu mara moja tu, mwishoni, nikiulizwa nimekuja kutaka nini. Mara moja! Mimi niliyewanyamazisha watu wa Kampala.

Ijumaa, 6 Agosti

Kanzu imepigwa pasi. Nakula matoke laini tu. Dhahabu salama.

Jumamosi, 7 Agosti

Naandika migombani, nyuma ya nyumba ya mzee Melkiory. Nimesingizia haja ndogo.

Kahawa! Nimeisahauje kahawa, mimi ninayeibeba kwa magunia? Tumekaa tu, mzee akaleta kikapu cha kahawa za kutafuna, zimechemshwa, zimeanikwa, ngumu kama changarawe. Mgeni hakatai. Mposaji akikataa, arudi kwao. Nikaweka punje moja mdomoni, upande wa kushoto, mbali na dhahabu, kwa adabu. Ikateleza. Ko! Kofia ikatoka.

Tangu hapo sijafungua mdomo. Dhahabu shavuni, kahawa shavuni. Nikiulizwa habari za safari, natikisa kichwa. Lori langu likisifiwa, natazama chini. Baba mdogo ananikodolea macho kama niliyefufuka. Na mzee anafurahi! Amewaambia ndugu zake kwamba aliletewa uongo, kijana huyu ametulia, ana uzito. Maishani sijasifiwa hivi – na sijasema kitu!

Basi nikatoka nipumue. Kumbe Kokushubira yuko huku, anakata majani ya kutandikia chakula. Nikaitema dhahabu kiganjani, nikamwonyesha. Nikamwonyesha na pengo. Alicheka mpaka akashika mgomba. Kisha akaacha kucheka.

"Baba amempenda yule bubu wa sebuleni," akasema polepole. "Mimi simjui. Utanyamaza hivyo mpaka tuzeeke?"

Akachukua majani yake, akaenda. Hakugeuka.

Sasa baba mdogo ananiita. Wakati wa lile jibu langu umefika. Naweza kurudisha kofia, nikaishika kwa ulimi, nikanong'ona neno moja, nikapewa mke. Mzee hatajua. Leo hatajua. Au niingie nilivyo, nicheke, niseme kama ninavyosema, aone jino, asikie domo – na pengine anifukuze na kikapu chake.

Kahawa nimeimeza nzima.

Mzee mwenyewe amekuja mlangoni. Anaita "mwanangu", kwa upole kabisa. Dhahabu nimeitia mfukoni. Nasafisha koo –