Mbwa wa Theluji, Ua wa Miyenzi

Jumapili, 1 Juni 2014

Pacifique ameondoka Alhamisi na basi la wanaokwenda Kanada. Mdogo wangu! Amekwenda kwenye theluji, mimi ameniachia mbwa wa theluji. Wawili. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Wanaitwa Alaska na Barafu, jike na dume. Manyoya mazito kama blanketi la msaada, macho ya buluu, ulimi nje kutwa nzima. Bosi wa Pacifique wa Mbarara, Hajji Nasur, aliwaagiza apate sifa mtaani kwake Kamukuzi. Sifa zikaisha. Mkewe Aminah akachoka kufua nguo ya sala kila wanapomlamba. Basi akapewa Pacifique, mtunza bustani. Zawadi! Tajiri akichoka na mzigo anauita zawadi.

Ningewapeleka popote leo hii. Lakini Mama. Mama anaamini kwamba maadamu mbwa wa Pacifique wako hai hapa uani, Pacifique hatatusahau, na siku moja atamwita huko. "Mutu hasahabu mifugo yake," anasema. Mimi je? Mimi si mifugo, kwa hiyo mimi naweza kusahaulika.

Alhamisi, 5 Juni

Wametoka. Kuku wa jirani yetu Baudouin ameliwa mpaka miguu. Nimempa tetea wangu — yule anayetaga! Amempokea bila kunitazama. Anasema ni imbwa gani hii, macho ya bazungu na haibweke. Kweli, hawabweki. Mgeni akija wanamlalia miguuni. Mwizi watamwonyesha njia.

Musoni, mwenyekiti wa kijiji, naye kaja. Amesema kwa upole, na huo upole ndio ubaya wake: wakitoka tena watatiliwa sumu. Mama amesikia. Hajala.

Jumamosi, 7 Juni

Ua wetu ni wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe kila mtu hapa anapanda. Mbwa huruka, nani hajui? Nimeongeza urefu. Matete, kisha matawi ya miiba juu kabisa. Mikono yote imechanika. Ua sasa mrefu kuliko wa kanisa! Watu wanapita wanacheka: Orpa amejenga gereza.

Jumatatu, 9 Juni

Wametoka kwa chini. Wamechimba kama fuko. Mimi na urefu wangu!

Nimewakamata kabla hawajafika kwa mbuzi wa Baudouin, nikawavuta na kitenge shingoni. Hakuna aliyeona. Asante Mungu — mara moja moja unanikumbuka.

Jumatano, 11 Juni

Mbarara. Nilikwenda kumrudishia Hajji Nasur mbwa wake, kwa mdomo kwanza. Duka lake la vipuri liko Ruti. Ameniacha nimesimama mpaka wateja wote wameondoka. Kisha akacheka.

"Nyabo, mama, zawadi hapana rudi."

Nikamwambia wanachimba.

"Eeh, hiyo nachimba sana! Hata kwangu ilichimba. Wewe weka mabati ndani ya udongo, chini kabisa. Yeye nakwaruza, nachoka."

Kwa nini hakumwambia Pacifique? Eti Pacifique hakuuliza. Halafu akaongeza: "Nyinyi wakimbizi, dunia yote nalisha nyinyi, mbwa mbili tu nashinda nyinyi?"

Kunyamaza nimejifunzia Uganda. Shule nzuri sana.

Lakini amenipa mabati mabovu, ya banda lao la zamani. Nimeyapokea kwa mikono miwili na nimeshukuru. Najichukia nilivyoshukuru.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani, Mungu atanisamehe. Nimemaliza mtaro kuzunguka ua mzima. Mabati yamesimama ndani ya ardhi, juu udongo, juu yake mawe. Barafu ameanza kukwaruza, akasikia makelele ya bati, akashtuka, akakaa kitako. Nimecheka mpaka Mama ametoka nje. Akacheka na yeye!

Ua umeshika. Nimeshinda. Mimi, peke yangu!

Jumanne, 24 Juni

Nani aliyesema nimeshinda?

Walipoweza kuchimba, walichimba. Sasa wanalia. Si kubweka. Wanainua pua juu na kutoa sauti ndefu, kama mwanamke aliyeletewa habari mbaya. Kwaya ikianza mazoezi, wanaitikia. Mwanzoni akina mama wa kwaya walicheka.

Kwetu, mbwa akilia hivyo anamwita mtu kaburini. Nimekua nikilijua hilo, na kijiji kizima kinalijua. Na mama yake Baudouin ni mgonjwa.

Nimewapa dagaa wetu wa mchana. Nimewamwagia maji — maji niliyopangia foleni! Nimewafunga midomo kwa vitambaa. Nikaona wanashindwa kuhema na joto hili, nikawafungua. Wakalia.

Wakitoka wanaua kuku. Wakikaa wanaita wafu. Nifanye nini, niwameze?

Jumapili, 6 Julai

Mama yake Baudouin amefariki jana.

Nimekwenda kwenye kilio na unga wa muhogo. Unga wangu umebaki nilipouweka. Hakuna aliyenifukuza. Wamenisogezea nafasi tu kwenye mkeka, nafasi pana mno. Nilikaa humo peke yangu.

Mchungaji Anatole amehubiri kwamba Mkristo haogopi mlio wa mnyama. Amina zilikuwa nyingi! Jioni nimemwona akipita kwetu. Alipofika kwenye ua wetu akavuka upande wa pili wa njia.

Jumatano, 16 Julai

Pacifique amepiga simu. "Yaya, dada yangu! Alaska na Barafu ziko bien?"

Mbwa kwanza.

Anasema huko mbwa kama hawa wanavalishwa koti na wanalala ndani ya nyumba. Wenzake kazini hawaamini kwamba yeye anao wawili. Anataka picha. Nimemwambia wako salama, watu wa hapa wanawapenda sana. Mama alikuwa kando yangu anatabasamu, ningesema nini? "Na mama?" ameuliza mwishoni, salio likaisha.

Mama amefurahi siku nzima. Eti umeona, hajasahau. Namchukia yule mtoto. Namkumbuka pia, na hilo linanikasirisha zaidi.

Jumamosi, 26 Julai

Mama ana homa tangu Alhamisi. Leo hawezi kuinuka. Bodaboda haifai, hawezi kukaa. Inatakiwa tipoyi, ile machela ya miti, na wanaume wanne wa kuibeba mpaka kituo cha afya. Nimekwenda mlango kwa mlango. Hapa kila mgonjwa hubebwa hivyo. Hata mimi nimewahi kubebwa na watu hawa hawa.

Wamekuja! Baudouin mwenyewe amekuja, na tipoyi ileile aliyombebea mama yake. Nilitaka kumpigia magoti. Lakini wamesimama nje ya geti.

"Orpa, tosha kwanza izo imbwa. Njo tutaingia."

Nikasema nimeshawafunga kamba.

"Kamba haifunge mudomo."

Nikiwatoa, waende wapi? Wenzake Baudouin wana fimbo, mmoja ana panga. Musoni yuko nyuma yao, ananiangalia kwa ule upole wake.

Nimerudi ndani kumwambia Mama. Amenishika mkono kwa nguvu sijui ameitoa wapi.

"Orpa, usizitoshe. Ukizitosha, njo amenisahabu."

Mama, watu wamekuja kukubeba wewe!

"Nitangoya."

Mwili unachoma. Maji anayakataa. Maneno mengine hayaeleweki, anaongea na watu wa kwetu Fizi, Kongo, waliokufa zamani. Nikitaja mbwa tu, akili inarudi yote.

Nje wanazungumza taratibu. Baudouin ameita tena kwamba jua linashuka, kituo kitafungwa. Hawataondoka, amesema, watatungoja. Hana hasira. Ni watu wema, Mungu wangu, wangekuwa wabaya ningejua la kuwaambia.

Naandika nimekaa mkekani kando yake, kwa sababu nikisimama anafumbua macho na kuuliza naenda wapi. Ameshika pindo la kitenge changu. Kufuli ya geti nimeshaifungua, bado komeo tu.

Nasubiri asinzie.